Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere hadi katikati ya Dar es Salaam: unalipia mwendo au unalipia nafasi?

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila baada ya muda mfupi huulizwa hapa swali lile lile, kwamba mtu akishuka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere apande nini ili afike mjini, na majibu anayopewa karibu yote huanzia na kuishia kwenye bei. Mmoja humwambia asithubutu kugusa teksi za pale kwa kuwa ni ghali, mwingine humwambia asithubutu kupanda daladala na mabegi yake, na wa tatu humshauri ampigie simu shemeji yake aje kumchukua. Bei ni jambo la maana, wala sidharau mfuko wa mtu. Hata hivyo, kwa Dar es Salaam naona tunaanzia pasipostahili. Hoja yangu ni kwamba kati ya kiwanja na mjini, fedha zaidi hazikununulii mwendo. Zinakununulia kiti, mahali pa kuweka mizigo, na uhakika wa kushushwa mlangoni pa unakokwenda. Anayetaka kufika mapema anapaswa kuchagua saa, na saa haiuzwi na dereva yeyote.

Nieleze kwa nini. Kiwanja kiko Kipawa, takriban kilomita 12 kusini-magharibi mwa Posta, yaani katikati ya jiji, na barabara kuu inayokiunganisha na mjini ni moja tu, Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wetu wengi bado wanaiita Barabara ya Pugu. Ukitoka getini unapita Jeti, unafika TAZARA inapokutana na Barabara ya Mandela, unaendelea Veta na Kamata, kisha unaingia Gerezani na Kariakoo au unanyoosha hadi Posta. Gari la kifahari lenye kiyoyozi, daladala iliyojaza, bajaji na lori la kontena vyote vinasubiri kwenye lami hiyo hiyo. Daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018 pale TAZARA, limewasaidia sana wanaonyoosha kuelekea mjini, kwa sababu hawasubiri tena taa za makutano. Wanaokata kona kuingia Mandela bado wanazisubiri pale chini, pamoja na malori yanayotoka bandarini. Lakini foleni haikufutika. Ilisogea mbele, na siku za kazi asubuhi utaikuta ikikungoja ukikaribia Kamata.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, tazama saa ya kutua. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, watu wa Gongo la Mboto, Ukonga, Pugu na Chanika wote wanaelekea upande uleule unaoelekea wewe. Ukitua wakati huo na huna haraka, kaa pale kiwanjani, kunywa chai, sajili laini yako ya simu, badilisha fedha kidogo, kisha toka saa nne. Jioni mambo hugeuka: wingi wa magari hutoka mjini kwenda pembezoni, na wewe unayeingia mjini unakuwa na nafuu, ingawa TAZARA haina adabu kwa upande wowote. Usiku wa manane na alfajiri, ambapo hutua baadhi ya ndege za kutoka Ulaya na Ghuba, barabara ni nyeupe na safari haifiki nusu saa. Katika saa hizo daladala ni za kubahatisha, kwa hiyo uchaguzi wako unabaki kwenye gari la kukodi au kupokewa na ndugu.

Jambo la pili la kujua kabla ya kumpigia mtu yeyote ni jengo ulilotokea. Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019 na kujengwa kwa uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, ndilo la safari za kimataifa. Jengo la Pili, linalotumika tangu miaka ya 1980, limebaki na safari za ndani. Jengo la Kwanza, la zamani kuliko yote, ni la ndege ndogo na za kukodi, nalo lina mlango wake kando na hayo mawili. Ukimwambia dereva "niko eapoti" hujamwambia kitu. Mtaje jengo, na mtaje kama uko upande wa wanaowasili au wa wanaoondoka.

Sasa nije kwenye vyombo vyenyewe.

Teksi za kiwanjani utazikuta ukivuka tu mlango wa wanaowasili, na madereva wake hawatakusubiri uwatafute. Ni ghali kuliko teksi mtandao, mara nyingi kwa kiwango cha maradufu, lakini haziihitaji simu yako iwe na chaji wala salio, na ndiyo maana sikubaliani na wanaozilaani moja kwa moja. Mgeni aliyetua saa tisa usiku, hana laini ya hapa, ana watoto wawili waliolala mabegani, anapata pale kitu ambacho programu ya simu haiwezi kumpa: gari lililokwisha kufika. Kinachotakiwa ni kukubaliana bei kwa shilingi kabla begi halijaingia kwenye buti, kwa sababu begi likishaingia, mazungumzo yamekwisha na wewe ndiye uliyeshindwa. Akikutajia dola, mkumbushe kwa upole kwamba kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipia huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Teksi mtandao, kwa maana ya Bolt, inDrive na nyingine, ndizo wengi wetu tunazozitumia. Bei unaiona mapema, na kumbukumbu ya gari na dereva inabaki kwenye simu. Ila mgeni na ajue kwamba ukishabonyeza kuomba gari, safari inakuwa bado haijaanza. Simu ndiyo inayoanza. "Bosi, uko wapi? Jengo la ngapi? Unaelekea wapi? Unalipa taslimu au kadi?" Ukijibu kadi, uwezekano wa dereva kughairi unapanda. Baadhi yao pia hukuomba usogee hadi nje ya geti ili wasilipie maegesho. Ukiwa na begi la mgongoni, mkubalie. Ukiwa na mzazi mzee na masanduku matatu, kataa, ongeza hela ya maegesho wewe mwenyewe, na umwambie hivyo kabla hajawasha gari. Mzozo mwingi wa pale getini unatokana na kiasi kidogo cha fedha ambacho hakuna aliyekitaja mapema.

Daladala hupita Barabara ya Nyerere, haziingii hadi milangoni mwa majengo. Zinatoka Gongo la Mboto na pembezoni mwake kwenda Kariakoo, Mnazi Mmoja, Posta, na nyingine hukata TAZARA kuelekea Buguruni na Ubungo. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Ilipopandishwa Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 hadi 600, na umbali wa kufika katikati ya jiji huongeza kidogo tu juu ya hapo. Hakuna chombo cha rahisi kuizidi, na katika foleni haichelewi kuliko teksi kwa kiasi cha kutisha. Shida yake ni begi. Konda atalitazama begi lako kabla ya kukutazama wewe. Likiwa dogo atalisukuma chini ya kiti cha mbele au karibu na mlango, likiwa kubwa atakutoza kama abiria wa pili, na akiwa na abiria wengi kituoni atakuacha hapo hapo. Simlaumu, kwa kuwa hesabu ya tajiri mwenye gari inamsubiri jioni.

Bajaji ni nzuri kwa wanaokwenda karibu, yaani Kipawa, Vingunguti, Ukonga, Tabata na Temeke. Kwa anayekwenda Posta siipendekezi, maana bajaji na bodaboda zimekuwa zikiwekewa mipaka kuingia katikati ya jiji, na unaweza kujikuta umeshushwa pembeni na unatafuta usafiri wa pili.

Na gari la shemeji? Wengi huliandika kwenye safu ya bure. Mkubwa mmoja ameacha shughuli zake za siku hiyo, gari limejazwa mafuta, watoto wamekuja kuona ndege, maegesho yanahesabika kwa muda, na wakati wa kurudi haiwezekani msipite mahali mkanywe soda. Ukijumlisha unaweza kukuta teksi ilikuwa nafuu. Lakini anayetoka mbali baada ya miaka mingi hapokewi na teksi, na hilo halina haja ya kupigiwa hesabu.

Karibuni mchangie, hasa wenye uzoefu wa saa na njia tofauti na zangu.

Mchangiaji, Ukonga

Mkuu, umeeleza vizuri, ila naomba nipinge hoja yako kuu kwa sehemu. Unasema fedha hazinunui mwendo, na mimi nasema kuna chombo kinachouza mwendo kwa bei ndogo kuliko teksi, nacho ni bodaboda. Sisi wa huku tukichelewa hatupandi gari, tunapanda pikipiki, inapenya katikati ya magari na kukufikisha Kamata wakati wenye teksi wako bado Jeti. Kwa mtu aliyetoka Mwanza kwa kikao cha nusu siku, ana begi la kompyuta tu, sioni kwa nini asifanye hivyo, mradi avae kofia ngumu na amwambie dereva tangu mwanzo kwamba hana haraka ya kufa. Huo mpaka wa katikati ya jiji nao hauzuii kitu, kwa sababu anaweza kushuka Kamata au Gerezani na kumalizia kwa miguu.

La pili ni daladala. Umesahau kusema kwamba daladala za asubuhi zinafika usawa wa kiwanja zikiwa zimejaa tangu Gongo la Mboto. Abiria aliyesimama kituo cha kiwanja cha ndege saa moja asubuhi ataona magari yakipita mlango umefungwa. Wenyeji tunajua ujanja wa kugeuza: unapanda ya kurudi hadi mwanzo wa njia, unalipa nauli mara mbili, unapata kiti cha dirishani. Mgeni hawezi kuujua ujanja huo, na hata akiujua, mabegi yake hayamruhusu.

La tatu, reli. Treni ya mjini kati ya Stesheni na Pugu inapita huku kwetu, na imewafaa sana wafanyakazi kwa sababu haina foleni. Kwa mtu wa ndege, hata hivyo, saa zake ni za asubuhi na jioni kwa ajili ya wanaokwenda na kurudi kazini, na hakuna kituo kinachofunguka kiwanjani. Nasema hili ili asije mtu akaona reli kwenye ramani, akadhani amegundua kitu.

Mwanzisha uzi

Nakubali kuhusu bodaboda, na ninarekebisha kauli: mwendo unauzwa, ila bei yake hailipwi yote kwa shilingi. Barabara ya Nyerere ina malori mengi, na pikipiki inayopenya kati ya tairi za lori mbili inampa abiria dakika ishirini kwa dhamana ambayo mimi siitoi. Kila mtu na moyo wake. Sitampendekezea mgeni aliyekesha ndani ya ndege, macho mazito, begi mgongoni linalomvuta nyuma kila dereva anapokanyaga mafuta.

Kuhusu kujaa kwa daladala asubuhi uko sahihi kabisa, na hiyo ni sababu nyingine ya kunywa chai hadi saa nne.

Mchangiaji, Nairobi

Hamjambo majirani. Nimesoma kwa makini kwa sababu huku kwetu hoja ya mwanzisha uzi ingekuwa kweli kabisa miaka michache iliyopita, na sasa si kweli tena. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, na zamani kila aliyetua alimezwa na msongamano wa Barabara ya Mombasa, tajiri na maskini kwa pamoja. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye mlango wa kuingilia karibu na uwanja. Tangu hapo mwendo umekuwa bidhaa yenye bei iliyoandikwa kibandani. Anayelipa tozo hupita juu na kuteremka Haile Selassie au Museum Hill huku akiwatazama wenzake waliosimama chini. Asiyelipa hubaki kwenye barabara ya zamani, ambayo sehemu yake ilichukuliwa na nguzo za ile ya juu. Tozo nayo haikukaa ilivyoanza: tangu Januari 2024 gari dogo linalipa shilingi 500 za Kenya kwa urefu wote.

Kwa hiyo swali la kwanza la abiria wa Nairobi ni tofauti na lenu. Kabla ya kukubali bei ya teksi anapaswa kuuliza kama tozo imo ndani au ni juu yake, kwa sababu dereva atafika kwenye njia panda, atageuza shingo, na kumuuliza, "Tupite juu ama chini?" Asiyejua hujibu "juu" na hushangaa mwishoni. Kwa saa za usiku au Jumapili asubuhi mimi husema chini, kwani hakuna ninachokikimbia. Ijumaa jioni mvua ikinyesha, nalipa bila kunung'unika.

Matatu namba 34 ipo bado, na ni ya watu wenye subira na mizigo midogo. Anayetua asubuhi mapema akiwa na begi moja haoni dhiki, ila akifika mjini ashike begi lake mbele, si mgongoni, kabla hajaanza kutafuta gari la pili.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana ndugu yetu wa Nairobi. Mfano huo unaitia hoja yangu nguvu kuliko kuipinga. Nairobi walijenga lami ya pili, ndipo fedha ikapata cha kununua. Entebbe nao ni vivyo hivyo, tangu ilipofunguliwa barabara ya kasi ya kwenda Kampala mwaka 2018, ambayo imekuwa ya tozo tangu Januari 2022. Dar es Salaam tumechukua njia nyingine, na binafsi naiona ya haki zaidi: lami ya pili inajengwa kwa ajili ya mabasi. Awamu ya tatu ya mwendokasi inatoka Gongo la Mboto, inapita katikati ya Barabara ya Nyerere, mbele ya kiwanja, hadi mjini. Siku itakapofanya kazi kwa ukamilifu, atakayefika haraka atakuwa abiria wa basi, na mwenye gari la kukodi atakuwa pembeni akimtazama.

Nina shaka moja tu, nayo ni ile nafasi kati ya mlango wa jengo na kituo cha basi kilicho katikati ya barabara. Tumeona kwenye njia ya Kimara kwamba mabasi ya saa za kazi hujaa hadi mlango unakataa kufunga. Mtu mwenye sanduku la magurudumu hataweza kupanda pale Kipawa baada ya Gongo la Mboto nzima kutangulia. Kama wahusika wangeweka basi dogo la kuzungukia majengo hadi kituoni, na kuanzishia baadhi ya mabasi pale pale kiwanjani badala ya mwisho wa njia, awamu hiyo ingekuwa usafiri wa kiwanja kwa maana halisi. Bila hivyo itabaki kuwa mwendokasi unaopita karibu na ndege.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa. Nimefaidika, lakini naona nyote mnazungumzia Posta kama kwamba kila anayeshuka anakwenda Posta. Mimi nitakuja na mama yangu, mtu mzima mwenye maradhi ya magoti, tunatua alfajiri kabla ya adhana, na safari yetu ni boti ya Unguja. Ndugu yangu mwengine atakuja wiki ya pili, yeye anakwenda Dodoma. Tuna maboksi, kama mnavyotujua watu wa huku. Mnatushauri vipi?

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, na marahaba. Umegusa jambo ambalo lilipaswa kuwa juu kabisa ya uzi huu, kwa sababu abiria wengi wa kiwanja chetu hawana shughuli yoyote katikati ya jiji. Wanapita tu, na wengine hawana hata sababu ya kupita.

Kwa mama, msikimbilie bandarini. Boti ya kwanza huondoka asubuhi, na ukitoka kiwanjani alfajiri utafika bandarini ndani ya nusu saa, kisha mtakaa nje na maboksi mkisubiri madirisha yafunguliwe, mkizungukwa na wachukuzi na madalali wa tiketi. Salini na mpumzike ndani ya jengo, kisha mwondoke mapema kidogo kabla foleni ya saa kumi na mbili haijashika. Kata tiketi ya boti mtandaoni kabla ya kuondoka Muscat, ili dalali asiwe na la kukuuzia. Chukueni teksi ya kiwanjani au gari kubwa la teksi mtandao, na mwambie dereva awashushe kwenye lango la boti za Zanzibar, si "feri", kwa sababu ukitaja feri kuna madereva watakupeleka kwenye kivuko cha Kigamboni au soko la samaki. Ni karibu kwa gari, lakini kwa magoti ya mama ni mbali. Pale langoni kubaliana na mchukuzi mmoja tu, bei kwa idadi ya maboksi, na usimruhusu wa pili ashike hata kamba. Na kama tiketi ya ndege haijakatwa bado, ulizia ndege ya moja kwa moja kutoka Muscat hadi Unguja; itamwondolea mama mzunguko wote huu.

Kwa ndugu wa Dodoma, treni ya SGR imeleta mabadiliko makubwa tangu ilipoanza kufika huko Julai 2024. Watu wengi wakitua wanakwenda Stesheni mjini, wanasota na foleni, wanapanda treni, na treni inawarudisha upande wa Pugu walikotoka. Kituo cha Pugu kiko mbele zaidi, ukishakipita kiwanja ukitokea mjini, na asubuhi ukielekea huko unakwenda kinyume na foleni. Lakini si kila treni inasimama Pugu. Zile za haraka hupita. Atazame kwenye tiketi kituo cha kupandia kabla ya kulipa, abebe kitambulisho alichokatia tiketi, na aweke nafasi ya kutosha kati ya saa ya kutua na saa ya treni, kwa kuwa ndege huchelewa na ile treni haimsubiri mtu. Ukubwa wa maboksi pia auzingatie, maana mizigo ya SGR ina kiwango chake.

Nikiwa hapo hapo: anayekwenda mikoani kwa basi naye asiingie mjini. Mabasi yako Kituo cha Magufuli, Mbezi Louis. Ama apite TAZARA, Buguruni, Ubungo kisha Barabara ya Morogoro, ama akate Majumba Sita kwenda Segerea, Kinyerezi na Malamba Mawili atokee Mbezi. Njia ya pili ni fupi kwa macho na madereva wengi huipenda. Na anayekwenda Kigamboni akate kulia TAZARA, afuate Mandela hadi Kurasini na avuke Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Kuna tozo ndogo, lakini ni afadhali kuliko kupanga mstari wa magari kwenye kivuko.

Mchangiaji, dereva wa teksi mtandao

Wakubwa, naomba niseme kwa niaba ya tunaolaumiwa. Hizo simu tunazopiga mnazichukia, najua. Lakini mtu mmoja anaomba gari akiwa ndani bado anasubiri begi kwenye mkanda, na maegesho yanahesabu. Tunauliza unakoelekea kwa sababu safari ya Mbagala saa kumi na moja jioni inakula saa mbili zangu, na mfumo haunilipi foleni vizuri. Tunauliza taslimu au kadi kwa sababu fedha ya kadi hainifikii siku hiyo hiyo, na mafuta ninanunua leo.

Kuna historia pia. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni zinakata kwa dereva, na Uber, iliyokuwa mojawapo ya kampuni hizo, ikasimamisha huduma nchini Aprili mwaka huo. Ilirudi mapema mwaka 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Katikati ya hayo yote, wengi wetu tulijifunza kumpa abiria namba ya simu na kumwambia, "Ukirudi nipigie." Mkisikia dereva anakuomba ughairi safari mkamalizane pembeni, hiyo ndiyo asili yake. Simtetei, kwa sababu abiria akighairi anapoteza ile kumbukumbu aliyoisema mwanzisha uzi, na kukitokea tatizo hakuna wa kumuuliza.

Ombi langu kwa abiria ni dogo. Omba gari ukiwa umeshashika begi lako na umesimama nje. Niambie rangi ya nguo uliyovaa na namba ya nguzo au mlango uliokaribu nao. Kama unalipa kwa simu, hakikisha salio lipo kabla hatujaondoka, si tukifika Posta nyuma yetu kuna trafiki na magari kumi yanapiga honi.

Mchangiaji, Ukonga

Dereva, hapo umenena. Nami nina swali la mwisho kwa mwanzisha uzi. Binti yangu anatoka Mbeya kwa ndege, Jumatatu, anatua saa mbili asubuhi, ana begi dogo la magurudumu, anakwenda kwenye usaili Mtaa wa Samora saa nne na nusu. Sitaki apande bodaboda, na mfuko wangu unaujua. Apande nini?

Mwanzisha uzi

Atatokea Jengo la Pili, na kwa kuwa ni safari ya ndani hatapita uhamiaji. Saa mbili na nusu atakuwa nje. Jumatatu saa hiyo barabara bado imeshika, na hana muda wa kusubiri hadi saa nne. Atembee na begi lake hadi Barabara ya Nyerere. Wakati huo daladala zinazotoka Gongo la Mboto zinakuwa zimeanza kupumua kidogo; apande ya Posta au Mnazi Mmoja, asikubali ya Kariakoo hata konda akimwambia "ni hapo hapo tu", na awe na chenji mkononi. Ikifika saa tatu kasorobo hajapata gari lenye nafasi, aache ubahili wa baba yake, aombe teksi mtandao papo hapo barabarani, ambako hakuna maegesho ya kulipia. Akiona foleni imekufa kabisa Kamata na saa inasonga, ashuke hapo; kwa miguu hadi Samora ni mwendo anaouweza, ila viatu vya usaili aviweke ndani ya begi na avae raba.